Choo kigumu cha mtoto: kwa nini dawa ya wiki moja haitoshi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama, naishi Newala. Binti yangu ana miaka miwili na miezi saba, ana kilo 12. Tangu msimu wa korosho uliopita, tulipohamia shambani kwa bibi yake, hapati choo vizuri. Anakaa siku nne, tano, mara nyingine sita. Akibanwa anajificha nyuma ya mlango, anakaza miguu, anatoka jasho na kulia. Kikitoka ni kikubwa sana, na mara mbili nimeona damu. Bibi yake huwa anamwekea kipande cha sabuni. Zahanati walinipa laktulosi, dawa ya maji ya kulainisha choo, ya wiki moja, akawa mzima kabisa, lakini dawa ilipoisha tatizo likarudi. Sasa hivi nguo yake ya ndani inachafuka choo cha majimaji mara kadhaa kwa siku na majirani wanasema anaharisha. Hospitali wameniambia anywe ile dawa kwa miezi kadhaa. Naogopa utumbo utaizoea, aje ashindwe kabisa kwenda chooni bila dawa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana. Nianze na hilo linalokutia hofu, kwa sababu ndilo litakaloamua kama mwanao atapona au ataendelea kuzunguka palepale. Ndiyo, laktulosi hupewa mtoto kwa miezi, na utumbo hauizoei. Aliyekuambia hivyo hospitalini amekuambia sawasawa. Binti yako alirudi nyuma kwa sababu dawa iliisha wakati ndio kwanza ilikuwa imeanza kazi. Nitakueleza kwa urefu, maana mzazi akishaelewa kinachoendelea tumboni mwa mtoto, hata hiyo miezi haimtishi tena.

Umesema akibanwa anajificha nyuma ya mlango na kukaza miguu. Wazazi wengi wanaoniletea watoto wa namna hii huniambia, "Daktari, anasukuma weee, lakini hakitoki." Siku nyingine ikitokea, usimwangalie usoni, mwangalie miguuni. Utakuta amesimama kwa ncha za vidole, mapaja ameyabana au ameyapishanisha, makalio yamekaza, mgongo umenyooka kabisa, mkono umeshika mlango au kitanda, uso umeiva. Mtoto anayesukuma hujikunja na kuchuchumaa. Huyu aliyesimama wima hivyo anafanya kinyume chake: anakirudisha choo ndani kwa nguvu zake zote. Baada ya dakika chache ile hamu inapita, anarudi kucheza, na nyie mnabaki mnasema maskini ameshindwa. Hajashindwa. Alitaka kukizuia, na amekizuia.

Tafadhali usiuone huo kuwa ukaidi. Kuna siku alipata choo kigumu kikamuuma. Chanzo huwa ni kidogo tu: homa ya siku mbili, maji ya kunywa kupungua, chakula kubadilika, choo cha shimo ambacho hakukizoea, au watu wazima wote wako kwenye mikorosho tangu alfajiri na hakuna wa kumpeleka anapobanwa. Mtoto wa miaka miwili hajui habari za chanzo. Anachojua ni kwamba pale pameuma, kwa hiyo akibanwa tena anazuia. Na choo kikikaa ndani, utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji, maana ndiyo kazi yake. Kila siku inayopita kinazidi kukauka na kuongezeka. Siku ya tano kikitoka kinachana ngozi ya njia ya haja kubwa, ndiyo hiyo damu uliyoiona, nyekundu, imeshika juu ya choo au imebaki kwenye kitambaa ulichompangusia. Yale maumivu yanamthibitishia mtoto kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, na safari ijayo atazuia zaidi.

Kwa mtoto chini ya miaka minne, sisi tunasema amefunga choo kiasi cha kuhitaji tiba kama kwa mwezi mzima ameonyesha walau mambo mawili kati ya haya: anapata choo mara mbili au pungufu kwa wiki, anakizuia, kinatoka kigumu au kwa maumivu, kinatoka kikubwa kupita kiasi, au kuna donge kubwa la choo limekaa mwishoni mwa utumbo. Mwanao anayo manne kwa maelezo yako tu, na la tano nina karibu uhakika nalo kwa sababu ya yale majimaji.

Hayo majimaji majirani wameyaelewa vibaya, na si wao tu, hata kwenye zahanati hutokea mtoto wa namna hii akapewa dawa za kuharisha. Donge gumu likikaa kwa wiki nyingi katika sehemu ya mwisho ya utumbo, ile sehemu inatanuka. Ni kama lastiki ya kaptula iliyovutwa mno: imelegea, haibani tena, na hairudi siku moja. Mishipa ya fahamu ya pale, ambayo ingempa mtoto taarifa kwamba anataka kujisaidia, nayo inazubaa. Choo kipya chepesi kinachotoka juu kikifika kwenye donge hakina pa kupita, kinapenya pembeni na kuchuruzika kwenye nguo bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo anayevuja hivyo amefunga choo kwelikweli. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unamwongezea ugonjwa, na ukimsimamishia laktulosi kwa kudhani ndiyo inayomharisha, vilevile. Na kwa kuwa hasikii kinapotoka, kumfokea au kumchapa kwa kuchafua nguo ni kumwonea. Mbadilishe, msafishe kwa maji kuanzia mbele kwenda nyuma, maisha yaendelee.

Kabla ya kuzungumzia dozi, kuna mambo ambayo daktari lazima ayaulize na kuyaangalia. Mtoto akianza kufunga choo ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha, au kile choo cheusi cha kwanza baada ya kuzaliwa kilichelewa zaidi ya saa 48, tunafikiria ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo kipande cha mwisho cha utumbo kimezaliwa bila mishipa ya fahamu na huhitaji upasuaji. Tumbo likivimba na kukaza, akitapika, hasa matapishi ya kijani, akiwa na homa pamoja na hayo, huyo haendi kliniki ya kesho, anapelekwa hospitali saa hiyohiyo. Mengine ya kutuharakisha ni uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki, miguu dhaifu au mwendo uliobadilika, kishimo kirefu au kishungi cha nywele chini ya mgongo, njia ya haja kubwa iliyokaa mahali pasipo pake, na damu nyingi isiyoelezeka kwa mchubuko. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo hufunga choo, na hiyo hupimwa kwa damu. Wako ameanza baada ya kutimiza miaka miwili, na kilo 12 kwa umri wake ni uzito wa kawaida, kwa hiyo maelezo yako yananitia moyo. Hata hivyo apimwe kwa mikono, tumbo na mgongo. Kama analia akikojoa au anakojoa kidogokidogo kila saa, sema, kwa sababu donge hubana kibofu na wasichana wa namna hii hupata maambukizi ya mkojo kirahisi.

Hospitali ya wilaya inatosha kuanza. Ikihitajika kwenda mbele, mko karibu na hospitali ya Ndanda kwa upande wa Masasi, na Mtwara mjini kuna hospitali ya Ligula na ile ya rufaa ya kanda pale Mitengo.

Sasa matibabu. Kosa kubwa ninaloliona ni kumwanzishia mtoto kijiko kidogo cha dawa ya kulainisha huku donge la wiki kadhaa bado limekaa. Dawa inalainisha choo kipya, hicho choo kipya kinapita pembeni, kuvuja kunazidi, mama anasema dawa haifai. Kwanza mzigo utoke. Dawa inayopendekezwa kwanza kwa kazi hii duniani kote ni makrogoli, unga unaokorogwa kwenye maji, ambao unayashikilia yale maji mpaka yafike kwenye donge. Kiasi cha kuondoa mzigo ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, kwa siku 3 hadi 6. Kwa kilo zake 12 ni gramu 12 hadi 18 kwa siku. Huioni kwenye kila duka la dawa, ulizia famasi za Masasi au Mtwara mjini kabla hujakata tamaa. Ikikosekana kabisa, daktari anaweza kutumia laktulosi kwa dozi kubwa zaidi, ambayo huchukua muda mrefu kidogo, au kuamua apewe maji maalumu ya njia ya haja kubwa hospitalini kwa siku chache. Hatua hii isimamiwe na mtu wa afya aliyempima mtoto. Maji ya aina hiyo ya watu wazima, hasa yenye fosfeti, yameshavuruga chumvi za mwili wa watoto wadogo na kuwaweka hatarini. Usinunue ukajaribu nyumbani.

Jiandae: siku mbili tatu za mwanzo kuvuja kutaongezeka na tumbo litanguruma. Mrudishie nepi, weka kanga za kutosha, usimpeleke mbali. Mzigo umekwisha pale ambapo vipande vigumu vimeacha kutoka na daktari akibonyeza tumbo hakuti tena donge.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya miezi. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne, laktulosi kwa kawaida ni mililita 2.5 hadi 10 mara mbili kwa siku, na daktari anaweza kupanda zaidi kwa kufuata uzito. Kuanza na mililita 5 asubuhi na 5 jioni ni jambo la kawaida kwa mtoto kama wako. Pima kwa bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano, au kwa kikombe kinachokuja na chupa. Vijiko vya jikoni havilingani, kijiko cha chai cha kwako na cha bibi yake vinaweza kutofautiana kwa nusu nzima. Unaweza kuichanganya na maji, juisi au uji uliopoa, ili mradi amalize chote. Haifanyi kazi siku hiyohiyo. Ihesabie siku mbili kamili kabla ya kuihukumu, kwa sababu lazima isafiri hadi utumbo mpana. Wiki ya kwanza gesi itamsumbua, baadaye inapungua. Ni tamu, kwa hiyo apigwe mswaki baada ya dozi ya jioni.

Unatafuta nini? Choo laini kila siku, au siku moja baada ya nyingine, kisichomliza wala kumfanya ajifiche. Kikiwa bado kigumu au kimekatika vipande kama cha mbuzi, ongeza kidogo kwa makubaliano na daktari, kaa siku mbili tatu, tazama. Kikiwa maji matupu, na unajua donge halipo, punguza kidogo. Naomba ulishike hili: punguza, usisimamishe. Akiharisha kweli kwa ugonjwa mwingine, na homa na kutapika, hapo unaisimamisha dawa na kumpeleka hospitali, kisha unarudi kwenye dozi akipona.

Na sasa muda. Tiba ya kuendeleza isipungue miezi miwili, na mtoto awe amemaliza walau mwezi mzima bila dalili hata moja ndipo dawa ianze kupunguzwa polepole. Hicho ni kiwango cha chini. Wengi huhitaji zaidi, na miezi sita si jambo la ajabu hata kidogo. Katika watoto wanaofika kwa mabingwa wa tumbo, takriban nusu ndio huwa wamepona na kuacha dawa ndani ya miezi 6 hadi 12, na hao ni wale sugu zaidi. Sababu ya urefu huu umeshaisoma: sehemu iliyotanuka inahitaji muda wa kurudi ukubwa wake, na hofu ya mtoto inahitaji muda wa kusahaulika. Choo kikiwa laini wiki moja, utumbo bado umelegea na mtoto bado anakumbuka. Kigumu kimoja tu kikitoka wiki ya pili, mmerudi mwanzo. Ndicho kilichompata binti yako.

Angalia hesabu ya chupa. Kwa mililita 10 kwa siku, chupa ya mililita 100 inaisha siku ya kumi. Mama wengi hapa Kusini wanachukulia kwisha kwa chupa kuwa kwisha kwa dozi, na siwalaumu, maana dawa nyingi tunazowapa ndivyo zilivyo: malaria siku tatu, antibayotiki siku tano au saba, umemaliza. Hii haiko hivyo. Chupa ya pili iwe nyumbani kabla ya ya kwanza kufika chini, hasa kama mnahamia shambani ambako duka la dawa liko mbali. Msimu wa korosho unaanza tena Oktoba. Ukimkuta bado kwenye dawa, usiuchague huo kuwa wakati wa kupunguza. Subiri mrudi nyumbani, maisha yatulie.

Wakati wa kupunguza ukifika, mimi hupenda kutoa mililita 2.5 kwa siku, kukaa hivyo wiki mbili, kisha kutoa nyingine, na hivyohivyo. Akianza tena kusimama kwa ncha za vidole, usingoje siku tano zipite, rudi kwenye dozi iliyokuwa inamfaa siku hiyohiyo. Kurudi hivyo hakuna maana kwamba tiba imeshindwa. Watoto wengi hurudi mara moja au mbili njiani.

Turudi kwenye hofu ya kuzoea, kwa sababu najua ndugu na majirani watakuuliza na unahitaji jibu la kuwapa. Laktulosi ni sukari iliyotengenezwa kwa kuunganisha galaktosi na fruktosi. Utumbo mwembamba hauwezi kuivunja, basi inapita hadi utumbo mpana ikiwa nzima, inavuta maji yaingie kwenye choo, na bakteria wa humo wanaimalizia. Haigusi misuli ya utumbo wala haiisukumi ifanye kazi. Misuli inabaki kufanya kazi yake yenyewe, kwenye choo kilicho laini. Makrogoli nayo inashika maji tu. Hakuna kitu hapo cha kuzoewa. Hofu hii nadhani ilitoka kwenye dawa za aina nyingine, zile zinazochokoza utumbo ukunjamane, kama bisakodili na sena, ambazo watu wazima hununua wenyewe. Hata hizo daktari anaweza kumpa mtoto kwa kipimo na kwa sababu, lakini usimnunulie mwenyewe. Mafuta ya nyonyo yawekeni kando kabisa, yanamkata tumbo vibaya, na mtoto anayeogopa maumivu ya choo hahitaji maumivu zaidi. Mafuta ya parafini ya kunywa pia hayafai kwa umri huu, akipaliwa yanaingia kwenye mapafu.

Utumbo wa mtoto unaharibiwa na donge. Kwa hiyo kila wiki ambayo dawa inamfanya aende chooni kwa raha ni wiki ambayo utumbo unapona.

Kuhusu sabuni, naomba nimfikie bibi kwa heshima zote. Shikamoo bibi. Wazee wetu walitumia walichokuwa nacho, na ni kweli choo hutoka, kwa sababu sabuni inaunguza ngozi laini ya ndani na utumbo unakimbia kuitoa. Lakini ngozi ya mtoto huyu tayari imechanika, na sabuni kwenye kidonda inawasha vikali. Kubwa zaidi kwangu ni kwamba kila anaposhikwa, akalazwa, akaingizwa kitu, anajifunza upya kwamba sehemu ile ni ya kuumizwa, na tiba yote niliyoieleza inategemea asahau hilo. Kwa sababu hiyohiyo hata vidonge vya gliserini vya kuingiza sivipendi viwe mazoea, ingawa mara moja moja kwa ushauri wa daktari vinasaidia. Kama bibi anataka kumsaidia mjukuu, na najua anataka, amkalishe kwenye maji ya uvuguvugu kwenye beseni kwa dakika kumi baada ya choo, ampake mafuta mgando kidogo pale palipochanika. Mchubuko unapona vizuri hivyo, ilimradi choo kibaki laini.

Suala la mahali pa kujisaidia mara nyingi linasahaulika. Choo cha shimo kimejengwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili na nusu anasimama ametanua miguu juu ya tundu lenye giza, amekaza mwili mzima asitumbukie, na mwili uliokaza hauachii choo. Achaneni kabisa na choo cha shimo kwa sasa. Mnunulie poti fupi ya plastiki ambayo akikaa nyayo zake zote zinagusa chini na magoti yako juu kidogo ya nyonga. Mkalishe baada ya chai ya asubuhi na baada ya chakula cha jioni, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao huamka, ndiyo maana wengi wetu hubanwa tukishakula. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Kaa naye, mwimbie, mpe kitu cha kupuliza, kipovu cha sabuni au puto, kwa sababu kupuliza kunasukuma tumbo bila yeye kujua. Kisipotoka, mwinue kwa furaha ileile. Kikitoka, shangilieni. Na kama kwa sasa anakataa poti na anaomba nepi ili ajisaidie humo, mpe nepi. Akiwa amejisaidia kwa raha kwenye nepi kwa wiki kadhaa, poti itakuja yenyewe. Mazoezi ya kuacha nepi na hofu ya choo havitibiwi kwa wakati mmoja.

Chakula nimekiweka nyuma kwa makusudi. Ni muhimu, lakini mama huyuhuyu ambaye mtoto wake ana donge la wiki tatu huambiwa "mpe papai na maji mengi" akarudishwa nyumbani, na hilo halimtoi mtoto pale alipo. Chakula husaidia choo kisirudi kuwa kigumu baada ya dawa kukilainisha. Huko kwenu mna neema ya vitu vyenye nyuzinyuzi: mbaazi, kunde, choroko, kisamvu, mlenda, papai, embe zikianza kuiva, chungwa alile na zile nyama zake, asinyweshwe juisi peke yake. Ugali wa muhogo mweupe ukiwa peke yake kila mlo hauna nyuzinyuzi za kutosha, uende na mboga au mbaazi. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, kwani yakizidi yanamshibisha akaacha kula, na baadhi ya watoto hufungwa nayo. Maji ya kunywa asipimiwe. Najua habari ya maji kwenye nyanda za juu za Makonde, najua ndoo inavyohesabiwa nyumbani, ila huyu anahitaji lita moja na ziada kidogo kwa siku ukijumlisha vinywaji na majimaji ya chakula, na kipindi cha jua kali zaidi ya hapo. Weka kikombe chake mwenyewe chenye maji yaliyochemshwa, mahali anapokifikia.

Dawa ya minyoo apewe kama kawaida kila miezi sita pamoja na matone ya vitamini A, lakini minyoo mara chache ndiyo inayosababisha hali hii, usimrudishie dozi kila choo kinapokuwa kigumu. Kama anatumia dawa ya kuongeza damu, mwambie daktari. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya madini ya chuma, hilo lisikutishe.

Chukua daftari au kalenda ya ukutani. Kila siku andika mambo matatu: dozi aliyokunywa, choo kilitoka au hakikutoka, kilikuwa laini au kigumu. Weka alama kama alijificha au nguo ilichafuka. Baada ya wiki mbili nenda nayo hospitali. Daktari ataona kwa dakika moja kitu ambacho ungekihadithia nusu saa, na ataweza kukupangia dozi kwa uhakika badala ya kubahatisha. Usiondoke bila kuuliza cheti cha dawa ni cha wiki ngapi na tarehe ya kurudi ni lini. Na siku ya kwanza ya kwenda, mwombe bibi aende nanyi. Kama donge bado lipo, daktari atamwonyesha pa kuweka vidole, upande wa kushoto chini ya kitovu, alisikie mwenyewe kwa mkono wake. Na yeye ndiye atakayeshika lile bomba la mililita 5 siku ambazo wewe hupo nyumbani.